Sifuri Mbili

Jioni Khayega. Mvua imeshapita juu ya bati,
radi bado inanguruma upande wa msitu
kama mtu aliyesahau kusema jambo.
Nimetandaza gazeti la juzi mezani
nikailaza mita kifudifudi
kama mtoto anayesubiri kukandwa mgongo.

Usicheke, Ambetsa. Sogeza taa.

Zima kwanza. Kisha hizi nyaya, nyekundu na nyeusi,
zitoe ukutani, zitoe kwenye mita pia,
zitundike msumarini, mbali na mkono wako.
Wewe ni Mwisukha, umewaona fahali Jumamosi
wakikutana uwanjani, vumbi likipanda.
Umeme wa ukutani ni fahali,
betri iliyo humu ni ndama tu.
Usifungue zizi hili yule akiwa mlangoni.

Sasa bisibisi ndogo. Skrubu ni tatu;
ya nne ilipotea mwaka ule wa kimbunga,
nimeshaacha kuitafuta.

Huu unga mweupe ni jasho la betri iliyozeeka.
Usiuguse kwa kidole, una meno.
Betri itoke, kitambaa kikavu kipite, polepole.
Kwa nje, unyevu kidogo, tone la sabuni ya vyombo.
Petroli hapana. Tina hapana.
Plastiki ina kinyongo: leo inang'aa,
kesho inapasuka kama kisigino cha kiangazi.
Halafu ngoja ikauke.
Huku kwetu hata chumvi hulia ndani ya kopo.

Fyuzi.
Hapa ninyamaze kidogo.

Kaka yangu Lihanda, unamjua,
yule anayeshika kikombe kwa viganja viwili
kama anayepokea sakramenti,
hakuzaliwa hivyo.
Fyuzi ilimwungulia kinuni Shinyalu,
akina mama kwenye foleni, madebe miguuni,
mwenye kinu akitazama saa.
Akachukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara,
akaikunja, akaichomeka.
Ikakaa.
"Mia mbili nimeokoa," akasema,
na waya mwekundu ulikuwa bado tundu la ampia,
naye akidhani anapima volti.

Mlio sitakusimulia.
Harufu ilikaa kwenye koti lake
mpaka mama akalizika nyuma ya migomba,
na mahindi ya siku ile
yalirudi nyumbani yakiwa mahindi.

Kwa mwoga huenda kicheko, walisema waliojua.
Fyuzi ndiye mwoga tuliyemwajiri:
kazi yake kuanguka kabla yetu.
Palipokuwa na kumi, weka kumi,
ya kauri, yenye mchanga tumboni,
volti zake zilezile zilizoandikwa ubavuni.
Duka likikosa, kazi ilale. Mteja akinuna, anune.

Funga mgongo. Pinda nyaya hapa shingoni:
ukiona ufa, ukiona shaba inachungulia,
tupa, usiufunge selotepu kama kidonda.
Gusanisha ncha. Imelia?
Imelia.

Bado usiiamini.
Anza kwenye soketi ya redio, unayoijua ina moto:
mia mbili thelathini na nane, vizuri.
Ndipo uende kwenye waya usioujua.
Kisha urudi tena kwa redio, hata kama umechoka,
hata kama giza linaingia na boda inakupigia honi.
Kwa maana sifuri ni mbili, Ambetsa:
moja ya waya uliokufa,
moja ya mita iliyokufa,
na kwenye kioo zinafanana
kama Mukhwana na Mulongo wa jirani
ambao mama yao mwenyewe huwaita kwa kubahatisha.

Mlango unafunguka. Ni Lihanda, miguu ina matope.
Haulizi kitu. Anatazama gazeti,
anaiokota ile fyuzi iliyoungua
katikati ya viganja vyake viwili,
anaitikisa karibu na sikio
kama mtu anayepima yai.